Siku ya Kipupwe Huko Kaole

Upepo wa kusi ukishika na mvua za masika zikakoma, mji wetu wa Dar es Salaam hugeuka ukawa mji mwingine. Mgeni atokaye nchi za theluji hucheka akitusikia twalalamika baridi, walakini mtu wa pwani ajua alisemalo. Alfajiri ya mwezi wa Julai huku kwetu Temeke mtoto haamki kwenda chuoni ila kwa kuvuliwa shuka, na wazee huja msikitini wamevaa makoti yaliyolala sandukuni tangu mwaka uliopita, yanukayo karafuu na mende. Hayo ndiyo majira ya kipupwe, nayo kwa hakika ni majira ya kupumua. Jua la mchana huwa la upole, mbu hupungua, na mtu aweza kutembea kutwa asitoke jasho la kulowesha kanzu.

Sisi tusomeshao Kurani tuna mapumziko ya siku mbili katika juma, Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa ina shughuli yake ijulikanayo. Hubaki Alhamisi, nayo watu wengi hudhani kuwa maalim huilala. Laiti wangalijua! Alhamisi ndiyo siku ya kufua kanzu, ya kushona majuzuu yaliyochanika, na ya kuwazungukia wazazi walioisahau ada ya chuo tangu Mfungo Nne. Lakini iko Alhamisi moja katika mwaka ambayo sisi marafiki wanne hatuitoi kwa kazi yoyote, nayo ni Alhamisi ya kwenda pwani wakati wa kipupwe.

Desturi hiyo tuliirithi kwa sheikh wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyetusomesha barazani kwake Ilala katika miaka ya 1980. Kila mwaka alikuwa akifunga vitabu siku moja, akitupakia katika basi la UDA mpaka Kunduchi, tukaone msikiti wa kale na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, kisha tukashuka mchangani kula mihogo na kutazama ngalawa. Miaka ile sukari ilipatikana kwa foleni, na wako waliouona mtembeo ule kuwa ni upuuzi. Mzazi mmoja alimwendea sheikh kumlaumu, akasema kuwa alimleta mwanawe asome, si acheze pwani. Sheikh hakubishana naye. Alimhadithia habari ya Handhala, sahaba na mwandishi wa Mtume (S.A.W.), ambaye alijiona kuwa mnafiki kwa sababu moyo wake ulinyenyekea alipokuwa mbele ya Mtume, na alipokwenda kwa mkewe na watoto wake na mashamba yake ulighafilika. Mtume alimtuliza, akamjulisha kwamba moyo una saa ya hili na saa ya lile. Mzazi yule aliondoka kimya. Mwaka uliofuata alimpa mwanawe nauli na mkate mzima, na mkate mzima siku zile haukuwa jambo dogo.

Majina ya wenzangu sitayataja, kwa kuwa si watu wapendao kuandikwa, na habari ya mmoja wao ni habari ya mwili wake, ambayo ameniruhusu kuieleza ili watu wa majumbani wapate kunufaika nayo. Nitawaita kwa mitaa yao. Wa Kinondoni ndiye mkubwa wetu, amepita miaka sitini, mtu wa fiq'hi asiyeacha jambo lipite pasipo kulipima. Wa Manzese huuza kofia, tasbihi na misahafu mlangoni pa msikiti baada ya kusomesha, na ulimi wake haulali. Wa Mbagala ndiye aliyetuzidi sote kwa hifdhi tangu ujana wetu, naye ana chuo cha watoto arobaini na ushei, wake kwa waume.

Mwaka jana huyu wa Mbagala ndiye aliyechagua mahali. Alisema, "Safari hii tuiache Kunduchi. Twendeni Kaole, nataka kuuona msikiti ule." Hatukumwuliza sababu. Kaole ni mbali kupita Kunduchi, lakini kila mmoja wetu alikuwa akisikia habari zake na hakuna aliyewahi kufika.

Basi tulikutana Makumbusho jua lingali changa, tukapanda gari ya Bagamoyo. Kutoka mjini hadi Bagamoyo ni yapata kilomita sabini, na ukipita Tegeta, Boko na Bunju unaiacha wilaya ya Kinondoni na kuingia mkoa wa Pwani kwa upande wa Mapinga. Nakumbuka zamani baada ya Tegeta ilikuwa mikorosho na minazi. Siku hizi ni nyumba na kuta na maduka ya mabati, na mtu hajui mji umekoma wapi. Hata hivyo baada ya Kerege macho hupata kupumzika.

Katika gari ile ile ukazuka mjadala wa sala. Wa Manzese alifurahi akasema leo sisi ni wasafiri, tutasali Adhuhuri rakaa mbili. Wa Kinondoni akamgeukia, akamwambia kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi masafa ya kupunguza sala ni marhala mbili, nazo ni kilomita themanini na kidogo, na kwamba toka Manzese hadi Kaole hazifiki. "Na toka Temeke je?" akauliza yule. "Hata toka Temeke." "Na toka Mbagala?" Hapo wa Kinondoni alisita, kwa kuwa Mbagala ni kusini zaidi, akaanza kuhesabu kwa vidole vituo vyote vya daladala. Abiria wawili watatu waliingilia, kila mtu na kilomita zake. Wa Mbagala mwenyewe alimaliza maneno kwa kusema kuwa yeye atasali nne, asije akawa imamu wa rakaa zenye shaka. Watu wakacheka, na kondakta akaja kudai nauli.

Aliposhuka Bagamoyo alikosa kidato cha mwisho cha gari, akataka kuanguka, nikamshika mkono. Alisema ni kanzu. Nilisadiki.

Bagamoyo ni mji wa kutembelewa polepole. Hapo ndipo ilipokoma njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji ikapita Tabora, na hapo ndipo pembe za ndovu na watumwa walipopakiwa majahazini kwenda Unguja. Wadachi waliufanya makao yao, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam, na tangu hapo mji ukabaki na majumba yake ya mawe na milango ya nakshi kama mzee aliyeachiwa koti la bwana mkubwa. Mapadri wa Kifaransa walifika mwaka 1868, na misheni yao ingalipo. Lakini kwa mwalimu wa chuo jina la mji ule ni jina la Sheikh Yahya bin Abdallah, ajulikanaye kama Sheikh Ramiya. Huyu aliletwa Bagamoyo angali mtoto, ametwaliwa utumwani kutoka upande wa Kongo katika nchi za Wamanyema. Mtoto yule yule asiye na baba wala ukoo pale mjini alisoma, akafanya biashara, akafungua darsa, akawa khalifa wa Kadiria, na waungwana waliokuwa mabwana wa mji wakaja kukaa mbele yake kusoma. Alifariki mwaka 1931. Kila nimwonapo mtoto wa maskini amekaa nyuma kabisa chuoni kwa kuionea haya kanzu yake, mtu huyu hunijia moyoni. Tulimwombea yeye na masheikh wetu wote, tukaelekea pwani.

Kusi ilikuwa kali asubuhi ile. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana, kama yafanyavyo pwani ile, mchanga na tope vikaachwa wazi, na ng'ambo yake mawimbi yakawa meupe. Ngalawa nyingi zilikuwa zimepumzishwa. Wavuvi walikuwa wakishona nyavu wamejifunika magunia mabegani. Tulinunua kahawa chungu na kashata kwa kijana aliyezunguka na dele. Kijana yule alikuja kwa upande wa kushoto wa mwenzetu wa Mbagala, akamnyoshea kikombe, naye akainua mkono kutengeneza kofia yake, kikombe kikaruka. Alimwomba radhi yule kijana, "Niwie radhi, mwanangu," akamlipa na cha kile kilichomwagika. Papo hapo akatuonyesha jahazi lililokuwa mbali karibu na upeo wa bahari, akatuambia kuwa tanga lake limetiwa kiraka. Nami nilikaza macho nikaona kweli lina kiraka. Nani angalifikiri kwamba mtu aonaye kiraka cha tanga umbali ule ana kasoro ya macho?

Kaole iko kilomita tano hivi kusini mwa mji. Tulikwenda kwa bajaji mbili, tukapokewa na kijana mwongozi mwenye adabu, aliyetuamkia mmoja mmoja, shikamoo zake nne, nasi tukamwitikia. Alitueleza vizuri. Pana magofu ya misikiti miwili, na makaburi mengi ya mawe, mengine yana nguzo ndefu. Msikiti wa zamani zaidi wakadiriwa kuwa wa karne ya 13, maana yake ni kwamba adhana ilikuwa ikisikiwa pale zaidi ya miaka mia saba iliyopita. Bwana Neville Chittick, aliyekuwa mwangalizi wa mambo ya kale katika Tanganyika, alichimbua pale mwaka 1958. Bakuli za Kichina zilizopatikana zimewekwa katika nyumba ndogo ya makumbusho, nazo ni ushahidi kwamba watu wale walikuwa na bandari na biashara na nchi za mbali kabla hajaja Mreno. Bandari yenyewe leo haionekani. Mchanga uliijaza, mikoko ikaota, bahari ikawa mbali, na watu wakahamia Bagamoyo. Hakuna adui aliyeuangamiza mji ule kwa upanga. Maji yaliondoka tu, kidogo kidogo, mwaka hata mwaka.

Kuna mbuyu mkubwa pale, ambao kijana alisema una miaka mia tano, na kwamba wageni huuzunguka ili waongezewe umri. Wa Manzese alianza kuuliza ni mara ngapi, kwa mzaha, akakatizwa na jicho la wa Kinondoni. Kadhalika liko kaburi la bibi aitwaye Sharifa, ambalo watu huliendea na nadhiri zao. Mimi nasema hivi: Mtume (S.A.W.) aliwakataza watu kuzuru makaburi kisha akawaruhusu, kwa kuwa ziara hukumbusha akhera, na aliyelala pale ana haja ya dua zetu. Kumtaka yeye mtoto au mali ni jambo jingine, na wenye kujua wamelieleza. Walakini sikupenda alivyocheka kijana mmoja mgeni aliyekuwa na kamera, alipomwona mama amepiga magoti pale analia. Mtu hafundishwi tauhidi kwa kuchekwa.

Tulipofika msikitini wa Kinondoni alivua viatu. Kijana akatazama, kwa sababu hapana sakafu ya kuogopa kuchafuliwa. Ni kokoto na majani na kuta zilizobomoka, na juu ni mbingu. Akaelezwa kwamba msikiti ukiisha kuwekwa wakfu hubaki kuwa msikiti hata ukianguka, kwa shauri la wanazuoni wa madhehebu yetu, na haki yake ni kusaliwa rakaa mbili mtu aingiapo. Hakutuzuia. Tukatandika mabegani mwetu mashuka tuliyojifunika kwa baridi, tukasali kila mtu peke yake, tumeelekea kaskazini kwenye kibula kile kile walichokielekea wale walioujenga.

Wa Mbagala alikuwa wa mwisho kusimama. Alikwenda kwenye mihrabu, akauweka mkono juu ya jiwe na kulipapasa polepole toka juu hadi chini, kisha upande, kama mtu asomaye. Wazee wetu walikuwa wakilikata tumbawe kutoka baharini lingali bichi na laini, wakalichonga, kisha likakauka na kuwa gumu. Ndiyo maana kingo zake zimedumu. Yeye alizifuata kingo zile kwa vidole muda mrefu. Akaanza kusoma Surat Yusuf kwa moyo. Sauti yake ni ile ile tuliyoizoea barazani Ilala. Tulikaa chini tukasikiliza, na yule kijana naye akakaa, hata alipofika penye habari ya Yaakub aliyepofuka macho kwa huzuni akanyamaza, akatoka nje kuvaa viatu. Alivitafuta kwa mguu, navyo vilikuwa hapo ubavuni pake.

Chakula tulikula chini ya mti: maandazi ya nyumbani kwangu, samaki wa kukaanga tuliowanunua Bagamoyo, na madafu. Baada ya kunawa akasema, "Ndugu zangu, sikuwaleta hapa kwa ajili ya mawe tu." Akatueleza. "Naona kama mtu achunguliaye kwa mwanzi. Kilicho mbele yangu nakiona vizuri, cha ubavuni sikioni kabisa. Na mwanzi wenyewe wapungua upana. Nilitaka kuuona msikiti huu hali ningali nauona."

Ugonjwa huo ni ule uitwao presha ya macho. Yafaa niueleze kidogo, kwa sababu majumbani mwetu watu huuchanganya na mtoto wa jicho, nao ni magonjwa mawili mbalimbali. Mtoto wa jicho ni ukungu uingiao katika kioo cha jicho. Mganga hukitoa kioo kile, akatia kingine cha kutengenezwa, na mara nyingi mtu huona tena. Presha ya macho ni maji ya ndani ya jicho kukaza, yakaua mshipa upelekao nuru kwenye ubongo. Hayaumi kwa wengi, hayawashi, na mtu huendelea kusoma kwa kuwa katikati hubaki safi, huku kandokando kunakufa. Kilichokufa hakirudishwi kwa dawa wala kisu. Dawa ya matone, au upasuaji, ni ya kuhifadhi kilichobaki. Na mwenzetu alikuwa amepoteza miaka miwili, maana katika zahanati moja aliyoiendea kwanza aliambiwa ni mtoto wa jicho mchanga, angoje akomae. Akangoja. Alipofika hospitali kubwa jicho la kushoto lilikuwa karibu limekwisha.

Tulikaa kimya. Yeye ndiye aliyetuchekesha, akasema, "Yaakub aliletewa kanzu ya mwanawe, akaona. Mimi nimemwuliza daktari, hana kanzu."

Wa Kinondoni alianza kumliwaza kwa yale aliyonayo, nayo ni mengi. Alimkumbusha Abdallah bin Umm Maktum, sahaba kipofu, ambaye alikuwa muadhini pamoja na Bilali, na ambaye Mtume alimwachia mji wa Madina zaidi ya mara moja alipotoka. Mwenzetu aliyasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akajibu: "Hayo nayajua, Maalim, na nimeyasomesha. Lakini Ibn Umm Maktum hakuwa akila kwa ada ya watoto. Siku wazazi watakaposikia kuwa maalim haoni ubao, watawahamisha watoto mmoja mmoja. Sina pensheni. Sina shamba. Nimemficha hata mke wangu."

Neno hilo halikuwa na jibu la haraka, na sikumsikia yeyote wetu akijaribu. Ndugu msomaji, wewe umlipaye maalim shilingi zako za mwisho wa juma, au usiyemlipa, fikiri: mtu amekaa juu ya mkeka miaka thelathini, ametoa mahufadhi na maimamu, na mtaji wake wote ni macho na koo.

Aliyevunja kimya ni wa Manzese, ambaye kwa kawaida hatumngojei kwa maneno ya maana. Aliuliza, "Huyo daktari alisema unatokana na nini?" Akajibiwa kuwa mara nyingi hufuata damu, na kwamba aliagizwa awapeleke ndugu zake na watoto wake wapimwe. "Umewapeleka?" "Nitawapelekaje, nami sijawaambia?" Basi wa Manzese, mtu wa mzaha, alimtazama usoni akamwambia: "Maalim, macho yako ni yako. Ukitaka kuyaficha, sisi tutakufichia, tutakushika mkono ngazini na kusema ni kanzu. Lakini ya wanao si yako. Hiyo ni amana, na kila siku unyamazayo unaila."

Maneno yalikuwa makali, na yule mwingine uso ulimbadilika. Nilidhani ataondoka. Wa Kinondoni alitaka kuyapoza, kisha naye akatikisa kichwa akasema, "Hapo sina la kumpinga." Mimi nilisema jambo moja tu, la chuo. Nilimkumbusha kwamba ana binti nyumbani aliyehitimu kwake, aliyehifadhi Kurani yote, ambaye sasa kazi yake ni kukaanga mihogo kibarazani. Mtoto anayeandika ubao ahitaji jicho la kumsahihisha, lakini anayesoma ahitaji sikio, na sikio la baba yake halina mshindani katika Mbagala nzima. Kwa nini macho yasiwe ya binti na masikio yakawa ya baba? Alijibu kuwa watu watasema. Wa Manzese akamwuliza watasema nini, na hakupata la kusema ila kwamba watasema.

Hakutuahidi neno. Tulisali Alasiri msikitini Bagamoyo, tukapanda gari. Manyunyu ya mchoo yalianza kuanguka tulipopita Zinga, madirisha yakafungwa, na baridi ikawa ya kweli. Aliniita nikae karibu naye. "Kaa kushoto," aliniambia, "huko ndiko kulikokufa." Mpaka Bunju hatukusema neno, kisha akaanza kuniuliza bei ya matone ya macho kwa mtu anayetia kila siku mwaka mzima, kama mtu auzaye mali na kuipigia hesabu. Niliona kwamba alikuwa akihesabu chupa zaidi ya za mtu mmoja.

Baada ya majuma matatu tulimwendea Mbagala sote watatu, Alhamisi baada ya Alasiri. Tulimkuta barazani na mkewe ametuletea chai. Alikuwa amekwisha kumwambia. Alitusimulia jinsi alivyojikaza siku mbili, akamwita chumbani usiku, akaanza maneno kwa kuzunguka; na mkewe akamkatiza akasema kuwa anajua. Alikuwa akijua yapata mwaka mzima. Yeye ndiye aliyekuwa akiziondoa mbuzi za kukunia nazi na vigoda na ndoo katika njia yake kila alfajiri kabla hajatoka kwenda msikitini, na akawakanya wajukuu wasiache kitu ukumbini. Hakusema kwa kuwa aliona mumewe hataki isemwe. Bibi huyo alisimama mlangoni akisikia habari yake yahadithiwa, akatuambia, "Chai itapoa," akarudi ndani.

Watoto walipimwa, watano wote. Wanne wako salama, nao wameagizwa warudi kupimwa baada ya muda. Wa pili, aliye dereva wa lori, ameonekana kuwa na presha hiyo katika macho yote mawili, naye alikuwa hana habari hata kidogo, wala hakupata kuhisi maumivu. Sasa anatia matone kila usiku, na daktari amemwambia kuwa amewahi. Dereva wa lori, ndugu msomaji. Na njia ya Kilwa wengine tunaipita kila siku.

Binti anasahihisha mbao tangu mwezi ule. Wazazi watatu waliwahamisha watoto wao. Wengine walikuja kuangalia, wakakaa nyuma, wakamsikia maalim akimkatiza mtoto aliyekuwa pembeni kabisa kwa kosa la madda moja katikati ya kelele za watoto arobaini, wakaenda zao. Chuo kimebaki.

Hajapimwa ila ndugu yake mdogo aliye Rufiji. Amealikwa mara mbili. Ameleta salamu kwamba macho yake ni mazima, aona hata ndege juu ya mnazi, na kwamba atakuja akimaliza kuuza korosho zake. Wa Manzese amekwisha kumpelekea nauli, na amemwandikia kuwa asipofika tutamfuata sote wanne, na huko rakaa ni mbili bila ya ubishi.